Namna ya Kupunguza Hewa Ukaa Bila Kuzima Injini

Mdogo wangu, hongera kwa uhamisho. Nimesikia umepangiwa dawati la mazingira na mabadiliko ya tabianchi mkoani Mwanza, na najua barua uliisoma mara mbili ukitafuta neno "posho" usilione. Usinyong'onyee. Nimekalia meza za namna hiyo kwenye halmashauri kadhaa za Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, na nakuhakikishia hakuna dawati lenye amani kama hilo. Mwenzako wa barabara ataulizwa kwa nini lami imebomoka kabla ya mvua ya pili. Wa maji ataulizwa kwa nini bomba linatoa upepo. Wewe utaulizwa hewa ukaa imepungua kiasi gani. Anayeuliza hajawahi kuiona, wewe hujawahi kuiona, na mama anayesubiri Hiace pale Igoma hana habari nayo.

Anza kwa kuielewa ahadi yenyewe, maana ukishaielewa utalala usingizi mnono. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na Julai 2021 ikapeleka Umoja wa Mataifa mchango wake: tutapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, sawa na tani kati ya milioni 138 na milioni 153. Mtu akisikia hivyo anadhani moshi wa leo utapungua kwa theluthi. Hapana, soma sentensi mpaka mwisho. Kinachopunguzwa ni moshi ambao tungeutoa mwaka huo kama tungeendelea na mambo yetu kama kawaida. Ni mume aliyerudi usiku akamweleza mkewe kwamba alipanga kunywa bia kumi, amekunywa saba, kwa hiyo kaokoa tatu, na hizo tatu ambazo hakunywa anatafuta mteja wa kumuuzia.

Na mteja yupo. Mwaka 2022 zilitoka kanuni za biashara ya kaboni, na kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Usicheke, mambo haya yana watu waliofaidika. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimelinda msitu wao na hela imeingia kijijini kweli. Ila kule ni miti, imesimama palepale, mtu akitaka kuihesabu anaenda na kamba. Wewe umepewa pikipiki za Buhongwa, meli za bandarini, jenereta za mjini na malori ya mafuta. Hivyo havisimami vikahesabiwa.

Ndiyo maana nakupa kanuni moja inayobeba kazi nzima, na hii hawatakufundisha kwenye semina elekezi: moshi ukipungua Mwanza, umepungua kwa sababu nyingine kabisa. Kazi yako ni kuwahi eneo la tukio, kuudai, na kupiga picha.

Lakini kwanza warsha, maana huwezi kudai kitu kabla hujajengewa uwezo. Tafuta hoteli yenye kutazama ziwa, washiriki wapate hewa safi wakiijadili. Kama imejengwa ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, usiulize. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita hizo, nasi tuliisimamia kwa barua nyingi. Mwisho wa yote ziwa lilifura mwaka 2020, likafura tena 2024, likaingia lenyewe kwenye mabaa na bustani kutekeleza kifungu cha 57. Halikuomba posho ya mazingira magumu.

Warsha huanza saa tatu, maana yake saa nne na nusu, mgeni rasmi akifika. Ukichoka kusikiliza itifaki ikizingatiwa, toka nje kidogo ukaangalie maegesho. Utakuta magari ya taasisi yamepangwa kivulini, madereva wamelaza viti nyuma, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinafanya kazi. Injini zinanguruma taratibu toka asubuhi. Chini ya kila gari maji ya kiyoyozi yanadondoka tone kwa tone, na kufika mchana kila moja lina kidimbwi chake. Kuku wa hoteli wanakuja kunywa. Ndani mwezeshaji anaeleza umuhimu wa kupima uzalishaji wa gesijoto katika chanzo chake. Chanzo chake kiko pale nje, kimewekewa muziki wa Bongo Fleva. Usiseme kitu. Rudi ndani, vaa flana, kula sato, saini mara mbili.

Sasa twende kwenye madai yenyewe, na hapa naomba utulie, maana nina mfano mmoja ambao kila nikiufikiria namheshimu zaidi mtu aliyeufanya bila kukusudia.

Usiku wa giza, siku ambazo mwezi haupo, simama popote palipoinuka Mwanza uangalie ziwani. Utaona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hao ni wavuvi wa dagaa. Wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinashushwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai: unapampu, inashika moto, inavuma kama nyuki usiku kucha, na inakunywa mafuta ya taa bila huruma. Mtumbwi ulibeba taa kadhaa, kila moja ikielea kwenye kichelezo chake. Mvuvi alirudi alfajiri na harufu ya mafuta kwenye shati, kwenye ndevu, na Jumapili kanisani. Upepo ukivuma vibaya kioo kinapasuka. Mwisho wa safari tajiri mwenye mtumbwi anakata gharama ya mafuta kabla ya kugawana, na kilichobaki ndicho baharia anachopeleka nyumbani. Lita zilizoungua kwa mtindo huo ziwa zima, mitumbwi maelfu, mwaka hadi mwaka, ni moshi ambao hakuna dawati lolote lililowahi kuuandika.

Wakati huo mafuta ya taa yalikuwa bei nafuu kwa makusudi. Serikali iliyatoza ushuru mdogo kwa ajili ya koroboi ya mnyonge. Wajanja wa mjini wakaona kama ni nafuu kwa mnyonge, ni nafuu pia kumwaga ndani ya dizeli. Injini zikawa zinakufa ovyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010 ili kuwakamata wachakachuaji, lakini tofauti ya bei ilikuwa tamu mno. Basi kwenye bajeti ya 2011/12, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo akapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Mara karibu nane, kwa mkupuo mmoja. Sababu ilitajwa waziwazi: uchakachuaji. Hakuwa anaokoa sayari, alikuwa anafukuza wezi.

Angalia kilichotokea baada ya hapo. Faida ya kuchanganya ikafa. Mafuta ya taa yakawa ghali, kisha yakawa ya kutafuta. Huku mwaloni wavuvi walilalamika, na walikuwa na haki. Hakuna aliyewauliza, hakuna aliyewapa fidia. Lakini karibu na miaka hiyohiyo taa ndogo za balbu nyeupe zikaanza kuingia kwenye maduka, na paneli za sola, na betri za kila ukubwa. Tajiri mmoja akajaribu, jirani yake akachungulia hesabu yake ya mafuta, naye akajaribu. Leo ukitazama ziwani usiku, mwanga ni mweupe na hauvumi. Asubuhi betri zinashushwa pamoja na dagaa, zinabebwa begani kwenda kuchajiwa, na ugomvi wa mwaloni siku hizi ni nani kaiba betri ya nani.

Hebu pima. Bila warsha, bila mpango mkakati, bila flana, nchi iliweka kodi nzito kwenye mafuta yanayotoa moshi, bei ikasogea, watu wakabadili kifaa. Wataalamu wa Ulaya wanaiita kodi ya kaboni na wanaandikia vitabu vizima. Ufaransa ilipojaribu kuiongeza mwaka 2018 watu walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara. Sisi tuliipitisha bungeni tukidhani tunashughulika na wahuni wa sheli. Ingeletwa kwa jina lake la ukoo isingevuka hata kamati. Na iliuma upande mmoja tu, upande wa koroboi, kama kawaida ya kodi zetu.

Kwa hiyo somo la kwanza la kudai: kwenye ripoti yako andika "mageuzi ya nishati katika uvuvi wa dagaa" na uweke picha ya mtumbwi wenye sola. Usimtaje Mkulo. Usimtaje mvuvi aliyekopa kwa tajiri ili anunue betri. Andika "wadau".

Daraja la Kigongo–Busisi nalo ni lako, lidai. Kabla halijafunguliwa Juni 19, 2025, malori na mabasi ya kwenda Sengerema, Geita na kwingineko yalipanga foleni kusubiri kivuko, mengine injini zikiwaka, na kivuko chenyewe kikinguruma kwenda na kurudi mchana kutwa. Sasa ni kilomita 3 za zege, unavuka kabla wimbo haujaisha. Lilijengwa ili watu wasife wakisubiri kuvuka na biashara isilale njiani, na hizo ni sababu njema kuliko yako, lakini dizeli iliyookolewa haina mwenyewe. Iokote. (Usihesabu magari mapya yatakayopita kwa kuwa sasa kunapitika. Hiyo ni hesabu ya mtu mwingine.)

Umeme pia. Pale Nyakato kuna mtambo wa megawati 63 unaochoma mafuta mazito, uliowekwa mwaka 2013 wakati mgawo ulikuwa umetukaba koo. Kisha maji ya Rufiji yakafungwa, Bwawa la Julius Nyerere likafikisha megawati 2,115, na Rusumo kwenye mto Kagera ikaongeza 80 za kugawana na Rwanda na Burundi. Kila saa ambayo mtambo wa mafuta unanyamaza kwa sababu maji yanafanya kazi, wewe umepunguza hewa ukaa ukiwa umekaa. Umeme ukikatika usijali, jenereta za mtaani zitawaka, lakini hizo zimo kwenye safu ya "sekta binafsi". Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, itakayotumia umeme, bado inajengwa. Iweke kwenye "mipango ya baadaye" kila mwaka, haiharibiki.

Nishati safi ya kupikia inahitaji ustadi zaidi, kwa sababu humo kuna mtego. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka Januari 31, 2024 kuachana na kuni na mkaa. REA, wakala wa nishati vijijini, ikapeleka mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei. Mambo mazuri, mtu aliyewahi kumwona mama akipuliza kuni mbichi za mvua huku macho yanatiririka hana haja ya kushawishiwa, na misitu ya Geita na Sengerema nayo ingepumua. Mtego ni huu: ndani ya mtungi ule mna gesi ya petroli. Inatoka kwenye visima na viwanda vilevile vya mafuta tunavyoambiwa dunia iviache, inakuja kwa meli, inapanda lori la dizeli, inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza. Mshiriki mmoja mdadisi akikuuliza warshani imekuwaje mafuta ni uchafu yakiwa kwenye tangi na ni usafi yakiwa kwenye mtungi, mwambie swali ni zuri, kisha mpe kipaza sauti mtu mwingine.

Ukiingia jikoni utaona na jambo la pili. Nyumba nyingi mtungi upo, umesimama pembeni ya kabati, umefutwa vumbi. Unawashwa asubuhi kwa chai na usiku kupasha mboga. Mchana jiko la mkaa linatolewa uani, maharage yanabandikwa, maana hakuna anayejua hesabu ya kujaza mtungi wa kilo 6 aliyewahi kuchemsha maharage makavu juu yake kwa moyo mweupe. Ruzuku ilikuwa kwenye mtungi. Kujaza ni juu yako. Kwenye ripoti andika mitungi iliyogawiwa. Neno "kujaza" usiliandike kabisa.

Kuhusu petroli na dizeli zenyewe, ambazo ndizo shina la mambo, mwongozo wangu ni mfupi: kaa mbali. Juni 2022 bei ya dunia ilipopaa, Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku ili mafuta yashuke. Mwaka uliofuata ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ili miradi mikubwa ipate fedha. Ya kwanza ilihamasisha kuchoma, ya pili kubana, na katika zote mbili hewa ukaa haikualikwa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatoa bei kikomo, na hiyo ndiyo sera ya tabianchi inayosomwa na kila bodaboda wa Mabatini bila kulipwa nauli ya kuhudhuria. Akiona imepanda anazima pikipiki kwenye mteremko. Nimemwona mmoja akishuka kutoka Bugando hivyo, kimya kabisa, abiria kamshika mabegani kama mtu anayekufa. Huyo amepunguza gesijoto kuliko maazimio yetu ya mwaka mzima, na trafiki akimwona atamwandikia.

Halafu kuna bomba. Bahati yako halipiti mkoani kwako, limekuzunguka. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Linaingia Missenyi, linashuka Muleba, Biharamulo, Chato, Geita, sambamba na ziwa, likienda zake mashariki. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima sharti lipashwe joto la karibu nyuzi 50 ili mapipa hadi 216,000 kwa siku yatembee. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15.

Sasa shika kalamu nikuonyeshe uzuri wa hesabu. Mwaka 2022 taasisi ya Climate Accountability Institute ilikadiria kwamba mafuta ya bomba hilo, toka kujengwa mpaka kuchomwa kwenye injini ya mwisho, yatatoa tani milioni 379 za hewa ukaa katika miaka 25. Ni zaidi ya mara mbili ya zile tani tulizoahidi kupunguza. Umeshtuka? Usishtuke. Kwa taratibu za Umoja wa Mataifa, moshi huandikwa kwa jina la nchi ulikochomewa. Mafuta yakipita Biharamulo ni mgeni anayepita, hana kosa; akifika kwa mnunuzi ng'ambo na kuwashwa, dhambi ni ya mnunuzi. Kwetu itaandikwa pampu na joto la kuyasukuma basi. Utaratibu huu hatukuutunga sisi. Nchi zilizouza mafuta miaka yote zimeutumia vizuri sana, Norwei mwenyewe anaendesha magari ya umeme kwa hela ya visima, na ni haki Mganda naye aonje.

Wakikubana zaidi, tumia asilimia 4. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Hilo ni kweli, ni dhuluma kweli, na linafaa kujibu swali lolote, hata lililohusu takataka za Soko Kuu.

Imebaki ripoti ya robo mwaka. Fomu ina safu tano. Ya shughuli iandike warsha. Ya lengo nakili ya mwaka jana. Ya mafanikio weka daraja, Rufiji, mitungi na wavuvi. Safu ya maoni iache tupu, maoni yaliwahi kumhamisha mtu. Ya changamoto ndiyo yenye riziki. Andika: uhaba wa vitendea kazi, hususan usafiri wa kufuatilia hewa ukaa katika wilaya zote ikiwemo Ukerewe, ambako gari sharti lipande kivuko pale Kisorya. Omba gari imara, injini ya dizeli, yenye kiyoyozi. Usithubutu kuandika la umeme. Wa manunuzi watauliza litachajiwa wapi, na hilo mtalijadili kwenye warsha.